Uzio Wangu na Chumvi ya Gunvor

Jumatatu, 10 Juni
Ture, mwenyekiti wa chama cha bustani, kasimama mbele ya uzio wangu, mikono nyuma. Eti ni mweupe mno! Eti nyuzio zote hapa ni za kijivu, na nisipoushughulikia kabla ya ukaguzi wa Jumapili, utang'olewa. Ung'olewe! Nimeuunda mwenyewe majira yote ya baridi, kwa mbao nilizookota nyuma ya duka la vigae. Mke wangu Barbro kasema sawa tu, hapo atapanda waridi kama alivyotaka tangu mwanzo. Mke gani huyu?

Jumanne, 11 Juni
Jirani yetu Bi Gunvor ana uzio wa rangi ya fedha, wapita njia husimama kuupiga picha. Kaniletea chumvi ya chuma. Niikoroge kwenye maji, nipake mara moja, kisha jua na mvua vitaugeuza kijivu taratibu. Ture anaijua kazi hiyo, hatadai rangi ya siku moja. "Mara moja tu, Folke," akarudia, kana kwamba mimi mtoto.
Nimepaka. Umelowa, umekauka, mweupe vilevile! Nimepaka tena. Na tena.

Jumatano, 12 Juni
Bado mweupe. Basi nimeshaelewa: Gunvor kanipa maji matupu, apigwe picha peke yake! Barbro kaniambia niache uzushi, nikae ninywe kahawa.
Kahawa! Ikikaukia kikombeni haitoki. Akili ninayo, jamani.

Alhamisi, 13 Juni
Nimelibeba birika la kahawa la chama kabla ya mapumziko ya saa tano. Wenzangu wametafuna maandazi yao ya iliki makavu, wakanung'unika weee. Wavumilie, kuna kazi.
Nikaipaka kahawa. Lahaula! Uzio ukageuka palepale, mweusi kama kaniki! Na matone yakaruka hadi kwenye mawe meupe ya Gunvor. Kaja, kainusa brashi.
"Folke, hii si kahawa? Ikikutana na chumvi ya chuma hugeuka wino!"
Nikamjibu kuwa hiyo ni siri ya fundi.

Jumapili, 16 Juni
Ukaguzi. Barbro kaja na miche ya waridi mkononi, hana hata haya. Ture kautazama uzio, kayatazama mawe, kafungua mdomo. Uzio wangu!
Gunvor akamuwahi. Kasema kosa ni lake, kanipa chumvi kali mno, na jua lenyewe litaupausha. Ture kakuna kidevu. Haya, ubaki, ila kwa sharti moja: Folke asiuguse tena, hata kwa kidole.
Umebaki! Nilitaka kumkumbatia yule mama. Kisha nikawaza: kosa lake kivipi? Rangi nimeivumbua mimi, sifa kachukua yeye! Nimeshindwa hata kula.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemwona Gunvor kapiga magoti, anasugua mawe yake. Hasira zimeniisha, huruma ikaniingia. Kaninusuru, na mimi si mtu wa kusahau wema. Halafu, maskini, uzio wake sasa umepauka vibaya mno kando ya wangu.
Nimekatazwa kugusa wangu. Wa kwake hakuna aliyeutaja.
Kesho anakwenda kwa dada yake, kurudi jioni. Chumvi imebaki nusu ndoo. Birika la chama nimeshalificha.