Cheti cha Kuokoa Dunia

Spika, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiozimika, alisimama mbele ya nyumba ya kupanga akameza mate. Umeme umekatwa, bomba limekauka. Mwingine angeona balaa. Yeye aliona ulaji. Mtaa huohuo alikuwa ameshauza vyeti vya jengo la kijani, yaani linalotunza mazingira, kwa duka, zahanati na gereji, kila moja kwa masharti yake, maana utapeli nao una weledi wake, jamani.

Mlangoni alikaa mama wa makamo, akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Nimefika! Nyumba yako haili umeme, haimwagi maji. Inaokoa dunia! Ukipata cheti, kodi unapandisha mara mbili."

"Ee! Na wapangaji wanaotaka kuhama?"

"Watang'ang'ania kubaki."

"Basi waambie wewe, baba. Mie sina kitu, ila wakichangia, tutagawana."

Wapangaji wakaitwa uani. Spika akakohoa kitaalamu, akaanza kazi. Giza lao likawa ubunifu. Ndoo zao zikawa mfumo wa kisasa. Upepo wa dirisha lililovunjika ukapewa jina refu mpaka mpangaji mmoja, fundi cherehani, akafuta machozi. Wakichangia leo, kesho zinafungwa paneli za jua, na taa hazitazimika tena. Wakachanga, maskini, hadi hela za mboga, mama akipitisha beseni.

"Ngoja nikahesabie ndani," mama akamnong'oneza Spika.

Spika akangoja mpaka tabasamu likamchoka.

"Mwenye nyumba mbona harudi?"

"Mwenye nyumba gani?" fundi cherehani akashangaa. "Yeye anakaa ng'ambo ya mji."

"Na yule mama?"

"Si msaidizi wako? Alikuja asubuhi, akasema anakutangulia, mkaguzi yuko njiani."

Spika alichomoka mbio hadi ndani. Mlango wa nyuma wazi, beseni tupu sakafuni. Kumbe mama alikuwa akimnyemelea mtaa mzima! Roho ilimuuma kweli. Hakuwahi kujua kuwa kuibiwa kunauma hivyo.

"Mwizi!" alilia, akirudi uani. "Jamani, niitieni polisi!"

Wapangaji walikuwa wameshafunga geti.

"Tulia, mkaguzi," alisema fundi cherehani, akimsogezea kigoda. "Tumeshawapigia. Kaa uwangoje."