Alama Nyekundu kwenye Fahali wa Parsaoti

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mureithi amenipa ghala lake la chakula cha mifugo, hapa Kitengela, kwa maonyesho ya Jumamosi. Sharti: nisisogeze magunia ya pumba. Nimekubali. Magunia yataleta hisia ya ardhi.
Florence, mkuu wa nyumba ya sanaa Nairobi, atakuja. Anatafuta msimamizi msaidizi wa maonyesho. Amesema kwenye simu kwamba nikimwonyesha watu wa kwetu wananunua picha, kazi ni yangu. Nina digrii mbili na riwaya moja niliyoitafsiri, haijachapishwa. Niko tayari tangu darasa la saba.

Jumatano, 3 Machi
Mchoraji wangu Parsaoti ameleta picha kumi na moja. Zote ng'ombe. Majina ameandika kwa Kimaa; nimeyatafsiri. "Fahali wa Baba" sasa ni "Upweke wa Mwanadamu Mbele ya Upeo". Aliuliza kwa upole mwanadamu yuko wapi. Nikamjibu yuko ndani. Sawa dadangu, akasema, lakini baba akija nitamwambia huyu ni fahali wake.
Jackie, tuliyesoma naye chuo, ameleta picha moja bila kualikwa. Kuku. Nimemtundika nyuma ya mlango.

Ijumaa, 5 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nairobi, picha ikiuzwa hubandikwa kidoti chekundu. Nimebandika kumi na moja. Florence ataona zote zimeuzwa. Mnunuzi wa kweli akitokea, nitabandua kimya kimya.
Kuku sijambandika. Ajitegemee.

Jumamosi, 6 Machi
Florence aliona vidoti, akatabasamu. Nikaanza kuchagua mapazia ya ofisi yangu.
Ndipo wakaingia wafanyabiashara wa mifugo kutoka mnadani. Khalif, mkubwa wao, alimtaka fahali kwa duka lake. Akaona kidoti, akarudi nyuma. Mnadani, mnyama aliyepakwa alama nyekundu ameshanunuliwa, humgusi. Nikakibandua haraka. Kosa. Akaniuliza, Florence akisikia, kama ni kawaida yangu kufuta alama za watu. Akasema hapa Kajiado mtu wa kufuta alama hafukuzwi sokoni peke yake, anafukuzwa pamoja na mashemeji zake.
Florence akataka kujua mnunuzi wa kwanza ni nani. Nikasema ni mtu wa faragha. Parsaoti akasema angefurahi sana kukutana naye.
Aliyebaki bila alama ni kuku. Khalif na mwenzake Zakariye wakashikana mikono chini ya shuka la begani, kama mnadani, wakipimana bei kwa vidole. Khalif akashinda, kuku akawa wake. Jackie akamnong'oneza Parsaoti abandue vidoti mwenyewe, kwani ng'ombe ni wake. Khalif akaridhika: mwenye mnyama ana haki. Kufikia saa nane ng'ombe saba walikuwa wamepata makwao, na Mureithi akauza magunia manne ya pumba. Nilicheka hadi machozi. Siku nzuri kabisa, ukiitazama kwa mbali.

Jumapili, 7 Machi
Florence amepiga simu. Kazi amepewa Jackie, eti anaelewa watu. Mimi nitatafsiri kitabu cha maonyesho yao kwa Kiswahili, na jina langu litachapishwa. Nimeruka jikoni hadi mama akauliza kama kuna nyoka.
Nimeanza na wasifu wa Jackie. Namjua: Kiswahili humchosha kufikia aya ya pili. Kwa hiyo msimamizi kijana wa Kitengela, mwenye jicho la ajabu, aliyemvumbua Jackie na kumfundisha yote, nimemweka katika aya ya tatu.