Paka Shume na Duma wa Bwana Meneja

Jumatatu, 8 Juni 1953. Geita.
Duma anajikuna tangu asubuhi. Mkia umebaki kama kamba. Roho inaniuma, maana mimi ndiye niliyemlea kwa chupa. Bwana mifugo amekuja kutoka Mwanza, akapekua manyoya, akachokoa kinyesi kwa kijiti, akasema ni viroboto na minyoo. Wameletwa na paka shume wanaopenya kuiba mabaki ya nyama na kulala kwenye majani yake. Bwana Meneja wa mgodi, mwenye bustani hii ya wanyama, ametangaza kwamba atakayewakomesha paka hao atakuwa mnyapara. Wafanyakazi tuko wawili: mimi na Athanas. Athanas! Mtu anayemwamkia nyani shikamoo!

Jumanne, 9 Juni.
Nimepata akili. Kufukuza paka ni jasho la bure. Nitawahamisha! Nimechukua dagaa wote wa mke wangu Generosa, nikawamwaga mlangoni kwa Athanas. Paka wahamie kwake, viroboto wamtafune, ashindwe kuja kazini. Nimelala nikicheka.

Jumatano, 10 Juni.
Sikucheka asubuhi. Paka walikula kwa Athanas, wakaja kulala kwangu. Kumbe kwake jua kali, kwangu kivuli. Generosa aliuliza dagaa wako wapi. Nikasema wameibwa. "Baba Scolastika," akasema, "mwizi gani anadondosha dagaa mmoja mmoja kutoka jikoni kwangu hadi kwa Athanas?" Nimelala njaa. Najikuna.

Ijumaa, 12 Juni.
Mpango mpya, wa kisomi. Paka si humwogopa duma? Basi wakisikia harufu yake kila mahali, watakimbilia mbali, hadi Kharumwa. Nimezoa majani anayolalia duma, nikayagawa kwenye mabanda yote: swala, tumbili, nyani. Hata kobe nimempa. Naye ana haki. Athanas alikuwa anaziba kwa waya matundu ya wavu wa bustani wanamopenya paka. Akaniuliza, "Kaka, viroboto si wamo humo humo kwenye majani?"
Nikamjibu, "Ziba matundu, mdogo wangu. Mambo ya kufikiri niachie mimi."

Jumapili, 14 Juni.
Bustani nzima inajikuna. Swala wanajisugua ukutani. Tumbili wanatoana viroboto kwa zamu. Bwana Meneja alileta wageni baada ya ibada. Wakaondoka mbio, wengine wamevua soksi, bibi mmoja ametupa kofia. Kobe peke yake ametulia. Nilimwonyesha Bwana Meneja huyo kobe. Hakufurahi.

Jumanne, 16 Juni.
Bwana mifugo amerudi. Amewaogesha wanyama wote dawa, kisha akaniamuru nami nipange foleni. Nyuma ya nyani! Majani yamechomwa, duma amepewa dawa ya minyoo. Jioni amekula nyama yake yote, akanilamba mkono. Machozi yalinitoka. Matundu yamezibwa, paka hawaingii tena. Athanas ni mnyapara. Mimi nimehamishiwa banda la kuku.

Alhamisi, 18 Juni.
Banda la kuku lina panya. Wanakula mayai! Athanas anataka tutege mitego. Mitego! Huyo hatabadilika. Mimi nimeshapata paka pale sokoni, mpole kabisa, anajikuna kidogo tu, nikamwingiza kwa siri na kumtandikia majani kati ya kuku. Tena ana mimba. Msaada uko njiani.