Nilivyoipa Hewa Injini ya Mkwe

Ijumaa, 2 Agosti 2024, Rujewa
Wazo limekuja! Mbio za maguta ya magurudumu matatu yenye injini kuukuu ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na Makoye ameshinda miaka mitatu mfululizo. Mfuga ng'ombe! Mimi fundi, niliyejisomesha mwenyewe, hata wa pili sijawahi kuwa. Sasa nyumbani kuna injini ya marehemu baba mkwe, aliyoinunua kwa mzungu wa kahawa kule Mbozi. Valvu zimekaa pembeni ya silinda, hedi, kifuniko chake cha juu, bapa kama chapati. Kazi yake siku hizi ni kumwagilia vitunguu vya mke wangu, Blandina. Kipaji kinapotea.

Nikamwambia Blandina naifanyia sevisi. Akauliza ni kitu gani kizima nimewahi kukifanyia sevisi kikabaki kizima. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema haya Baba Gloria, ila isiporudi kuvuta maji Ijumaa ijayo, ndoo utabeba wewe, kichwani, njia ya sokoni.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimeifungua. Maskini, imebanwa pumzi! Hewa inaingilia pembeni, inapanda, inakata kona, ndipo ifike kwenye silinda. Foleni kama ya malori mpakani Tunduma. Nimepanua njia kwa tupa, nikalainisha kwa msasa hadi inang'aa.

Jumapili, 4 Agosti
Nimekosa ibada. Mchungaji kapita kuniulizia. Nikamweleza faida za njia pana. Akasema yeye anachojua, njia pana haifiki pazuri. Watu wa Mungu na injini, basi tu.

Jumatatu, 5 Agosti
Mbeya, kwa Mzee Alinanuswe, mchonga vyuma. Nilitaka aikwangue hedi kwelikweli, ili mgandamizo uongezeke. Akasema mwanangu, hedi ya namna hii ukiikwangua sana unaiziba hewa uliyotoka kuipanua. Akakwangua kiduchu. Akanisindikiza hadi mlangoni akisisitiza chujio la hewa nisiliguse, kwetu kuna vumbi. Wivu wa uzeeni.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeifunga kwenye guta, nikaiwasha. Ngurumo! Kuku wa jirani wako juu ya bati. Lakini bado nahisi inahema kwa shida. Nimeng'oa chujio. Nani anakimbia kavaa barakoa?

Makoye kaja kuchungulia. Eti, mwanawane, pua isiyo na vinyweleo itapiga chafya. Yeye chujio lake kalivalisha soksi ya mtoto! Soksi! Nilicheka hadi nikakaa chini.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane
Niliongoza. Iandikwe: NILIONGOZA. Makoye nyuma yangu kabisa, hata soksi haionekani. Mji mzima unapiga mayowe.

Kisha ile kona ya mashine ya kukoboa mpunga. Nikaamua kukata kona, nipite ubavuni mwa mlima wa pumba. Upepo wa Agosti nao ukaamka. Injini ikavuta, na siwezi kuilaumu, kuvuta ndiko nilikoifundisha: hewa, vumbi, pumba, nadhani na chenga kidogo. Ikakohoa. Ikalia kama mbuzi. Kimya.

Makoye alipita taratibu, akauliza kama nimeajiriwa kukoboa.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimefungua. Silinda imechubuka, pistoni imekwama. Blandina ameweka ndoo mlangoni. Mbili.

Jumamosi, 10 Agosti
Safari ya kumi na moja, njia ya sokoni. Wauza nyanya wanahesabu kwa sauti. Makoye akasimamisha guta, akamwambia Blandina vitunguu visife, ataleta pampu yake. Blandina akashukuru, akamwita kaka. Akaongeza kwamba asiwe na haraka, hata Jumatatu, mfanyakazi yupo.

Lakini chini ya ndoo mtu anafikiri vizuri. Kosa nimeliona: tundu lilikuwa dogo! Ningelipanua mara mbili, pumba zingepita moja kwa moja zikatokea kwenye ekzosi.

Jenereta ya kwaya ina hedi bapa vilevile. Nimemwomba mchungaji niifanyie sevisi, sadaka yangu kwa kanisa. Amefurahi hadi akanishika mikono.

Tupa ninayo.