Mramba na Kompyuta Iliyokosa Pumzi

Jumatatu, 14 Desemba 1987
Wote wanaisimulia vibaya habari hii. Ati hoteli imeleta kompyuta kwa kuwa mimi Mramba nimeanza kusahau. Uongo mtupu! Miaka kumi na tisa nasimama mlangoni hapa Malindi, kila mgeni namwita kwa jina lake na la mkewe, hata kama mke si yule wa mwaka jana. Sasa bosi Msellem kasema mashine ikikaa sawa Ijumaa, wageni wa Krismasi wakiingia, nirudi Marafa nikapumzike. Nikapumzike na nani? Nyumbani kuna kuku mmoja, naye hanipendi.

Jumatano, 16
Jedida, karani wa mashine, alikwenda kula. Simu ikalia. Ni Thuku, fundi wa mashine, yuko Mombasa. Ati nimwambie Jedida orodha ya wageni asiipe kumbukumbu yote ya mashine. Aigawie nusu tu. Mashine nayo yataka pa kupumulia, la sivyo Ijumaa itakwama. Nikamwambia nimesikia. Nilisikia vizuri sana!
Jedida aliporudi nikamwambia fundi kasema orodha ipewe yote, isibakishwe hata tone. Akauliza, "Yote, baba?" Yote, mwanangu. Akanishukuru, akanipa kaimati mbili. Nikazila zote mbili.

Ijumaa, 18
Basi zima la wageni! Jedida kaandika jina la kwanza. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Jina moja, muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Foleni mpaka juani. Nikavaa kofia, nikatokea! Bibi mmoja wa Kijerumani kanikumbatia: "Mramba! Wewe nakukumbuka!" Bosi akanywea.
Jedida alikuwa analia kaunta. Nikamtania asilie, mashine itaingia maji. Hakucheka.

Jumamosi, 19
Thuku kaja, kagawa upya kumbukumbu, nusu kwa nusu. Majina yakatoka mbio kama siafu. Akauliza simu yake ilipokewa na nani. Jedida akanitazama, kisha akasema baba alisikia vibaya, ni masikio ya uzee. Masikio ya uzee! Bora angesema nimedanganya.
Bosi kasema basi masikio hayo yakapumzike.

Jumanne, 22. Marafa
Kimya. Hata kuku kahamia kwa jirani.
Lakini nasikia zahanati inawekewa simu, na wanatafuta mtu mwaminifu wa kupokea maagizo. Kesho alfajiri niko mlangoni kwao!
Na yule bibi wa Kijerumani, basi nakiri. Hakunikumbatia. Alinipa begi, akaniuliza naitwa nani.