Bangili za Dada Benedicta

Othmani alikuwa na kazi moja tu duniani, kutazama watu, na aliifanya akiwa amekaa. Kila asubuhi ungemkuta sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye benchi la Severina, mama wa chai, kofia safi kichwani, na kikombe kimoja kinachomfikisha adhuhuri. Aliangalia nani kanunua nguo za kichanga huku anafuta machozi, nani ana tope jekundu kwenye visigino, nani anagombana na simu. Akishachagua mtu, alimfuata taratibu hadi kwenye maduka ya vitenge na kumsimulia mambo yake kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzungumza na malaika.

Aliyeshangaa, alioshwa nyota. Kuosha nyota kulihitaji dhahabu. Ilifungwa kwenye kitambaa cheupe, ikanuiziwa maneno, ikarudishwa kwa sharti kwamba isifunguliwe kwa siku saba. Siku ya nane mwenyewe alikuta kokoto, tena zilizooshwa vizuri. Othmani alichagua wasafiri tu, watu ambao siku ya nane wako mbali na nauli ya kurudi hawana.

Jumatano hiyo alikaa pale dada mmoja mwenye bangili sita mkono wa kushoto. Zilimeta hadi chai ya Othmani ikapoa. Dada akapokea simu, akaitikia "kamwene," salamu ya Wahehe, kisha akasema kwa huzuni kwamba amechoka na shemeji zake, na kwamba sanduku la marehemu shangazi hatampa mtu.

Othmani alimpata penye vitenge.

"Dada, samahani. Wewe ni wa Iringa. Kuna ndugu wa mume wanaokuandama, na kuna sanduku."

Dada akashika ukuta. "Nani amekwambia?"

"Nimeonyeshwa tu. Hizo bangili zimebeba husuda. Zioshwe leo."

"Mtaalamu, hizi ni kidogo. Za shangazi ziko kwangu kule Iringa, Kihesa, sanduku zima. Twende ukaoshe zote pamoja. Nauli juu yangu."

Mtu mwingine angejiuliza kidogo. Othmani alikimbilia gesti, akafungasha mkoba wake wa ngozi wenye mavuno yote ya mwezi, pete na mikufu na saa, maana alikuwa na desturi ya kuyauza mji wa mbali. Saa nne wakawa ndani ya basi. Dada, aliyejitambulisha kuwa Benedicta, alivua bangili mwenyewe na kumkabidhi zikiwa kwenye leso.

"Shika wewe, mtaalamu. Mimi sasa zinaniunguza."

Othmani alizipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Walipokaribia Igawa, simu ya Benedicta ikalia. Alisikiliza, akatabasamu. "Ni kaka yangu. Atatupokea stendi. Atafurahi kukuona. Ni askari, mpelelezi, lakini mambo ya nyota anayapenda sana."

Jasho likamtoka Othmani kwenye kiti chenye upepo. Kwa ghafla sanduku la shangazi lilipoteza ladha yote. Bangili sita zilimtosha. Basi liliposimama abiria wanunue mchele na maji, akainuka na mkoba.

"Nachimba dawa mara moja, dada."

"Na mkoba?" Benedicta alimtazama kwa mshangao mpole. "Watu wataona umeshuka moja kwa moja, wachukue kiti. Uache, nitautazama."

Akasita. Akikataa, dada angeshtuka na kudai bangili zake. Akazipima mfukoni: nzito, nene, zinashinda mavuno yote ya mwezi. Akauweka mkoba kitini, akashuka, akajibanza nyuma ya magunia ya mchele hadi basi lilipoondoka. Hapo alicheka peke yake mpaka muuza mchele akahamishia magunia yake mbali kidogo.

Jioni hiyo hiyo alikuwa Mwanjelwa kwa Gulam, sonara. Mzee Gulam alikwangua bangili moja, akainusa, akamrudishia.

"Shaba. Lakini imesuguliwa vizuri. Nilimuuzia dada mmoja juzi."

Othmani aliomba kiti.

Wakati huo Benedicta alikuwa Kihesa, na mkoba umemwagwa mkekani mbele ya mama yake, Bi Veneranda, ambaye mwezi uliopita alirudi kutoka Mbeya na kokoto tatu na aibu ya kutosemeka. Hakukuwa na shemeji, sanduku wala kaka askari. Kulikuwa na binti aliyekaa siku nne upande wa pili wa barabara, akimtazama mtu anayetazama watu. Bi Veneranda alichambua pete polepole, akaipata yake ya ndoa, akaivaa. Alikwenda jikoni akalia huko, kisha akarudi na ugali.

Vilivyobaki Benedicta alivirudisha kwa basi la kesho yake, kwa Severina, anayewajua wateja wake kwa majina na vijiji. Severina akapiga simu.

Jumatatu Othmani alijikaza, akapiga kofia yake brashi, akaenda kuanza upya. Benchi lilikuwa limejaa. Wanawake saba walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na pete au mkufu wake, na mmoja ameshika mwiko wa Severina. Walimsogezea nafasi katikati kwa adabu.

"Karibu mtaalamu," alisema mwenye mwiko. "Tutazame vizuri, halafu utuambie tumekuja kufanya nini."

Wanaosimulia wanasema ndiyo siku pekee Othmani alipopatia bila kukosea. Kofia yake bado iko kwa Severina. Anaitumia kushikia birika.