Mahafali ya Simba Kwenye Njia ya Ng'ombe

Garsen nzima hakuna mtu anayejiamini kama Menza. Ukibisha, kamuulize Menza mwenyewe!

Anajiamini mpaka anakera. Akiingia hotelini huagiza chai kwa sauti ya mtu anayezindua barabara. Akipiga chafya hutazama kushoto na kulia aone nani amependezwa. Siku moja alipotea akienda Ndera, na alipoulizwa kama amepotea, akasema yeye hajapotea hata kidogo, ni Ndera ndiyo haipo mahali pake.

Mwaka huu, baada ya kukesha na video za simu mpaka macho yakawa mekundu, Menza aligundua kwamba watoto wa ukanda wote wa Mto Tana ni wagonjwa.

"Hawajiamini!" alitangaza sokoni. "Mtoto anaongea na mkubwa huku anahesabu vidole vya miguu! Nitawatibu!"

"Hiyo ni adabu," mama mmoja muuza ndizi akamwambia.

"Ndiyo dalili ya kwanza hiyo!" akajibu Menza.

Basi akajipa cheo cha Kocha. Akachapisha fulana yenye neno KOCHA kifuani na mgongoni, ili akikupita ujue umepitwa na nani. Kila Jumamosi akawakusanya watoto kando ya mto, karibu na Hewani, akawapanga mstari, wakatanua vifua na kupayuka: "Mimi ni simba! Nani kama mimi?" Kisha wananguruma. Watoto waliipenda dawa hiyo kupita kiasi. Mtoto gani atakataa kupewa ruhusa ya kuwapigia wakubwa kelele?

Mtoto mmoja tu ndiye dawa haikumwingia, naye, kwa bahati mbaya ya Kocha, alikuwa wake wa kumzaa.

Dama alikuwa na miaka tisa, na si kwamba hakuwa na la kusema. Tatizo ni kwamba kila akifungua mdomo, baba yake alishaingia ndani yake na kukaa.

"Dama, leo mwalimu amewafundisha nini?"

"Tumefund—"

"Tumefundishwa hesabu! Sauti, Dama! Mabega nyuma! Mbona unaongea kama mbu mwenye mafua?"

Siku moja, mbele ya wenzake, alimwita redio isiyo na betri. Wenzake walicheka sana. Dama naye alicheka kidogo, asionekane ameumia, lakini jioni ile ugali ulimshinda, akaisogeza sahani. Kadzo, mama yake, aliona.

"Baba Dama, huyu mtoto unamjenga au unambomoa?"

"Mama, huwezi kujenga nyumba mpya bila kubomoa ya zamani."

"Huyu si nyumba. Hebu mwache amalize sentensi, hata moja."

"Sentensi ataimalizia kwenye mahafali!"

Naam, mahafali, sherehe ya kuwahitimisha simba wake. Wazazi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mganga huyu hajamponya hata wa kwake, sasa wa kwetu atawaweza? Menza aliposikia akapanda juu kama maziwa jikoni. Akaapa mbele ya watu kwamba siku ya mahafali, mgeni rasmi akiwa amekaa kitini, Dama atashika kipaza sauti na kuzungumza peke yake. Asipozungumza, yeye Menza ataivua fulana hadharani na asiitwe Kocha tena mpaka anaingia kaburini.

Kiapo ni cha baba, usingizi uliopotea ni wa mtoto. Dama alijua kwamba akishindwa siku hiyo, hapo kijijini ataitwa bubu mpaka anaolewa. Aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia, kwa kuwa baba yake angemmalizia hata woga wenyewe.

Sasa kiwanja. Menza alikiona mwenyewe akakipenda: uwazi mpana katikati ya mashamba mawili ya migomba, umenyooka mpaka mtoni, nyasi zimeliwa chini kabisa. "Utadhani uwanja wa ndege!" akasema. Mtoto yeyote wa Tana angemwambia kwa nini uwazi ule haulimwi wala haujengwi. Ile ni malka, njia waliyoachiwa wafugaji wateremshe ng'ombe wakanywe maji. Menza alijua hivyo vilevile, ila aliona sheria za malka ni za watu wasiojiamini.

Siku moja kabla ya sherehe akaja Gollo, mfugaji wa Kiorma, fimbo imelala mabegani.

"Menza, hii malka."

"Najua."

"Kesho mchana ng'ombe inakuja. Mingi. Inatoka mbali, huko Bangale, na kiu iko."

"Waambie wangoje kidogo. Sherehe yetu si ndefu."

"Nimwambie nani? Ng'ombe?"

"Gollo ndugu yangu, shida yako wewe ni kutojiamini."

Gollo akamtazama. Akalitazama hema lililokuwa likisimamishwa. Akamtazama tena Menza, kwa huruma safari hii.

"Haya. Mimi nimesema."

Kesho yake, lo, palipendeza! Hema jeupe, viti vya plastiki, spika kubwa kama kabati la nguo, sufuria ya pilau inatoa moshi. Naibu wa chifu, Bwana Buya, ndiye mgeni rasmi, amevaa kofia yake ya kazi. Menza akafungua sherehe kwa hotuba kuhusu kujiamini, ambayo baada ya maneno machache ikageuka kuwa hotuba kuhusu Menza. Watu wakapiga miayo, wakapiga makofi, wakapiga tena miayo.

"Na sasa," akanguruma, "ushahidi! Binti yangu, Dama!"

Dama akaja mbele. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kadzo akafumba macho. Watu wakatulia, na kweli wallahi, mtoto akaanza.

"Wageni we—"

"Wageni wetu waheshimiwa!" Menza akadandia. "Sauti, Dama! Kifua!"

Dama akafunga mdomo, na machozi yakamjaa. Minong'ono ikaanza kule nyuma. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama fulana inavuliwa sasa hivi au baada ya pilau.

Menza akampokonya mtoto kipaza sauti. "Mheshimiwa, hii ni hofu ndogo tu! Simba wangu wote, njooni hapa mumpe mwenzenu nguvu! Moja, mbili!"

Simba wakajazana kwenye kipaza sauti. Spika ikatetemeka. Wakanguruma mpaka ndege wakahama miti ya ng'ambo ya pili ya mto!

Na nyuma ya migomba, muda huohuo, ng'ombe wa Gollo walikuwa wanaingia malka. Ng'ombe mwenye kiu hana breki. Ng'ombe mwenye kiu aliyesikia simba hana hata usukani.

"Kaeni pembeni!" Gollo alipiga kelele kwa mbali. "Pembeni!"

Ardhi ikaanza kuvuma. Watoto wa mtoni hawahitaji semina kwa jambo kama hilo. Waliingia migombani upesi, Dama akiwasukuma wadogo mbele yake, wakasimama kimya. Wazazi wakafuata, naibu wa chifu kofia mkononi. Na Kocha? Kocha alikuwa ameshatangulia zamani! Aliruka meza ya mgeni rasmi, akaruka pilau, akamruka mkewe, akaukwea mnara wa tangi la maji uliokuwa kando ya migomba kwa kasi ambayo nyani wangeiombea mafunzo.

Ng'ombe wakapita. Spika ikalala chini, pilau ikamwagwa, na dume mmoja akateremka mtoni amevaa hema kwenye pembe kama bibi harusi. Walipofika majini wakainamisha vichwa wakanywa, hawana habari. Hakuna mtu aliyepata hata mchubuko.

Watu wakatoka migombani wakijipangusa. Menza hakutoka popote. Alikuwa juu, amelikumbatia tangi.

"Shuka, Kocha! Ng'ombe wameshapita!"

"Tanua kifua!"

"Si wewe ni simba?"

Kila walivyopiga kelele, ndivyo alivyozidi kuling'ang'ania lile tangi. Alijaribu kuteremsha mguu, ukakuta hewa, akaurudisha haraka. "Siwezi," akasema, na hilo lilikuwa neno jipya kabisa kinywani mwake.

Dama akapita katikati ya watu mpaka chini ya ngazi.

"Nyamazeni kidogo," akasema.

Watu wazima wakanyamaza, na mheshimiwa Buya akiwa mmoja wao.

"Baba, usitazame chini. Nitazame mimi."

"Dama, mi—"

"Najua. Usiseme kwanza. Teremsha mguu wa kulia. Kidogo tena. Hapo! Umeona? Umeweza. Sasa huo mwingine. Hatuna haraka, na hakuna anayekucheka."

Walikuwa wanacheka wote, wameuma leso na mikono ya mashati, lakini kwa heshima ya yule mtoto hakuna aliyetoa sauti. Chuma kwa chuma, Kocha akashuka mpaka akaukanyaga mchanga.

Makofi yakalipuka. Kadzo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Naibu wa chifu akavaa tena kofia yake.

"Bwana Menza, hongera! Mtoto huyu amezungumza mbele ya kijiji kizima na sote tukamtii. Ulimfundisha vipi?"

Rangi ikamrudia Menza. Kifua kikatanuka palepale. "Mheshimiwa, hiyo ni mbinu ya kitaalamu ambayo mimi binafsi—"

"Baba," akasema Dama, "ngoja nimalize mwenyewe."

Menza akafunga mdomo. Mwenyewe hakuamini!

Dama akamgeukia naibu wa chifu, akamtazama usoni bila kupepesa.

"Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo ninavyomshusha paka wetu akikwama juu ya paa. Huyo ukimpigia kelele, anajikojolea."

Kijiji kizima, na mgeni rasmi pia, kikaitazama suruali ya Kocha.